Dozi ya Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba: Mwongozo Kamili, Kuanzia Saa ya Kwanza hadi Siku ya Kupima

Vidonge vya dharura ni dawa rahisi kumeza na rahisi kukosea. Maswali yanayoletwa kila mara ni yale yale. Mmoja amemeza kidonge kimoja kati ya viwili, cha pili kimebaki kwenye mkoba hadi kesho yake jioni. Mwingine ameona matone ya damu siku ya nne, akaamini hedhi imefika na mambo yamekwisha. Mwingine yuko kwenye dawa za kifua kikuu na hakuna aliyemuuliza. Wote walikuwa na dawa sahihi mkononi. Kilichowaponyoka ni hesabu: ya masaa, ya miligramu, na ya siku zinazofuata.

Kama unasoma haya huku muda unakwenda, soma Hatua ya 2 na ya 3 tu, meza dawa, ndipo urudi usome yaliyobaki.

## Vitu vya kuwa navyo

- Vidonge vyenyewe, ndani ya pakiti yake. Usikubali kidonge kilichochomolewa na kufungwa kwenye karatasi, maana maandishi yote unayoyahitaji yako kwenye pakiti.
- Maji ya kunywa.
- Simu au karatasi ya kuandikia saa na tarehe.
- Majina ya dawa zote ulizotumia katika wiki 4 zilizopita, zikiwemo za miti shamba.
- Dozi ya pili ya akiba, ukiipata, kwa ajili ya kutapika.
- Kondomu za kutosha hadi hedhi ijayo.
- Kipimo cha mimba cha mkojo, cha kutumia wiki 3 baadaye.

Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi. Kagua pia kwamba karatasi ya nyuma ya kidonge haijatoboka. Kidonge kilichoingia unyevu hakifai kutegemewa kwa jambo kama hili.

## Jinsi dawa inavyofanya kazi

Vidonge hivi huchelewesha yai kutoka. Basi. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, yai likishatoka hudumu takriban siku moja tu. Dawa ikilizuia yai kwa siku kadhaa, mbegu zinakufa bila kukutana nalo.

Kila sharti utakalolisoma hapa chini linatokana na hilo. Ndiyo maana kuwahi kuna faida: unataka dawa ifike kabla mwili haujaanza kulisukuma yai nje. Ndiyo maana pia dawa haisaidii yai likishatoka, na ndiyo maana haitoi mimba. Kama mimba tayari imetunga, vidonge hivi havitaiharibu wala havitamdhuru mtoto. Vimeshindwa tu.

## Hatua ya 1: Andika saa ya tendo

Andika siku na saa tendo lilipotokea, kisha andika mistari miwili chini yake: masaa 72 na masaa 120. Masaa 72 ni siku 3 kamili, masaa 120 ni siku 5 kamili.

Mfano: Jumamosi saa 5 usiku. Masaa 72 yanaisha Jumanne saa 5 usiku. Masaa 120 yanaisha Alhamisi saa 5 usiku.

Hapa wengi huteleza kwenye usiku wa manane. Ukisema "Jumamosi usiku" ukimaanisha saa 7 za usiku wa kuamkia Jumapili, simu yako inaonyesha tarehe ya Jumapili. Ukihesabu kwa majina ya siku peke yake utajikuta umejiongezea au umejipunguzia karibu siku nzima. Andika tarehe kama simu inavyoionyesha, kisha hesabu masaa.

Kama matendo yalikuwa zaidi ya moja tangu hedhi ya mwisho, hesabu kuanzia la kwanza kabisa ambalo halikuwa na kinga. Kama hilo la kwanza limeshapita siku 5, bado unaweza kumeza kwa ajili ya yale ya karibuni. Hutadhurika. Ila usiache kupima mimba baadaye.

Onyo: masaa 72 ni ukomo, na mtu asiyachukue kama ratiba. Mwenye dawa mkononi asiseme "nina hadi Jumanne." Meza leo, sasa hivi.

Umefanikiwa ikiwa: una saa tatu zilizoandikwa, na unajua uko wapi kati yake.

## Hatua ya 2: Jiulize maswali haya kabla ya kuchagua

Je, kuna dawa ninayotumia, au niliyoacha ndani ya wiki 4? Swali hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo linalogeuza dozi. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI, na dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali hulifanya ini livunje homoni haraka kuliko kawaida. Dozi ya kawaida inakuwa nusu dozi bila wewe kujua. Dawa za kawaida za kuua bakteria kama amoksilini hazina tatizo hilo, na dolutegraviri, dawa nyingine ya virusi vya UKIMWI, pia haina.

Je, nina uzito gani? Levonojestreli, homoni iliyomo kwenye vidonge vya dharura vinavyoitwa P2, huonekana kudhoofika kwa mwanamke mwenye zaidi ya kilo 70, au mwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) unaozidi 26. Ulipristali, aina nyingine ya kidonge cha dharura, nayo huweza kudhoofika kuanzia kilo 85 hivi. Hilo lisikuzuie kumeza. Linabadilisha chaguo la kwanza, si zaidi ya hapo.

Je, nimetumia homoni za uzazi wa mpango ndani ya siku 7 zilizopita? Kwa mfano uko kwenye vidonge vya kila siku na umesahau kadhaa. Kama ndivyo, ulipristali huenda isifanye kazi vizuri, kwa sababu homoni iliyomo mwilini inashindana nayo. Levonojestreli haina shida hiyo.

Je, ninanyonyesha? Levonojestreli inaruhusiwa. Ulipristali hupita kwenye maziwa, na maelekezo yake ya Ulaya huagiza kukamua na kumwaga maziwa kwa siku 7. Kama umejifungua na siku 21 hazijatimia, huhitaji kidonge chochote cha dharura, maana yai halijaanza kupevuka.

Je, nina pumu kali ninayoitibu kwa vidonge vya steroidi? Acha ulipristali, tumia levonojestreli.

Je, tendo lilikuwa la kulazimishwa? Meza dawa ya dharura, na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zina saa yake peke yake: lazima zianze ndani ya masaa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Kidonge cha kuzuia mimba hakikingi virusi wala magonjwa ya zinaa.

Umri si swali. Msichana aliyeanza kuona hedhi na mwanamke wa miaka 45 wanameza dozi ile ile.

## Hatua ya 3: Chagua dozi

Kanuni ni moja: soma miligramu, usihesabu vidonge. Pakiti moja ina kidonge kimoja, nyingine viwili, na zote mbili zinabeba dozi ile ile. Mtu akikuambia "mimi nilimeza kimoja kikatosha," muulize kilikuwa cha miligramu ngapi.

### A. Levonojestreli, jumla miligramu 1.5

Hii ndiyo wengi wanaiita P2. Kwenye pakiti utakuta imeandikwa Levonorgestrel, na mbele yake namba inayoamua kila kitu.

Ukikuta 1.5 mg, kidonge ni kimoja na dozi imekamilika.

Ukikuta 0.75 mg, vidonge ni viwili. Meza vyote viwili kwa pamoja. Karatasi ya maelekezo ndani ya pakiti inaweza kukuambia umeze kimoja, kisha cha pili baada ya masaa 12. Utaratibu huo si kosa, lakini hauna faida ya ziada. Jaribio kubwa la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa 2002 lilionyesha kwamba miligramu 1.5 kwa mkupuo hufanya kazi sawa na kugawanya, na madhara hayaongezeki kwa kiasi cha kutisha. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kugawanya tena, maana kidonge cha pili ndicho kinachosahauliwa.

Kama umeshameza kimoja cha 0.75 na cha pili kiko mkononi, kimeze sasa. Usisubiri masaa 12 yatimie. Kama umechelewa na masaa 12 yamepita, bado kimeze mara unapokumbuka, na usiongeze cha tatu.

Muda: ndani ya masaa 72. Baada ya hapo hadi masaa 120 inaweza kusaidia, lakini nguvu yake imepungua.

### B. Levonojestreli mara mbili, jumla miligramu 3

Hii ni kwa mwenye dawa zile za kuchangamsha ini tulizozitaja, kama hawezi kupata kitanzi cha shaba (kimeelezwa mwishoni mwa hatua hii). Ni vidonge viwili vya 1.5 mg, au vinne vya 0.75 mg, vyote kwa mara moja. Inamaanisha kununua pakiti mbili. Mweleze mfamasia sababu, asije akakukatalia akidhani umechanganyikiwa.

Kwa ajili ya uzito peke yake, mwongozo wa Uingereza unaruhusu dozi hii mara mbili pale ulipristali isipopatikana. Ila jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2022, kwa wanawake wa kuanzia kilo 80, halikuona faida ya kuongeza dozi. Kwa hiyo mwenye uzito mkubwa aelekee kwanza kwenye kitanzi au ulipristali, na levonojestreli iwe pale hivyo viwili vinapokosekana.

### C. Ulipristali, miligramu 30

Kidonge kimoja, mara moja, ndani ya masaa 120. Kwenye pakiti: Ulipristal acetate 30 mg.

Ubora wake ni kwamba huweza kulizuia yai hata mwili ukishaanza kutoa homoni ya kulisukuma, hatua ambayo levonojestreli haiwezi tena. Ndiyo maana ni chaguo zuri zaidi kwa aliye siku ya 4 au ya 5, na kwa aliyefanya tendo katikati ya mzunguko. Shirika la Afya Duniani linataja mimba kwa asilimia 1.2 ya watumiaji wa ulipristali, na kati ya asilimia 1.2 na 2.1 kwa levonojestreli.

Onyo: usimeze ulipristali na levonojestreli pamoja ukidhani zitasaidiana. Zinapingana, moja inaifunga nyingine. Na mwenye rifampisini, efavirenzi au dawa za kifafa asiitumie. Kuiongeza dozi si njia iliyokubalika.

### D. Vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili

Hapa ndipo makosa yanapokuwa makubwa, kwa hiyo nitakwenda polepole. Njia hii, inayojulikana kwa jina la daktari Yuzpe wa Kanada, ni ya kutumia pale ambapo hakuna kidonge maalumu cha dharura karibu. Inafanya kazi kidogo kuliko levonojestreli na inachefua zaidi, lakini ni bora kuliko kukaa mikono mitupu.

Dozi ni mbili, na safari hii lazima zitenganishwe kwa masaa 12. Kila dozi inatakiwa ifikishe angalau mikrogramu 100 za ethinili estradioli (ndiyo estrojeni iliyomo) na mikrogramu 500 za levonojestreli. Ya kwanza imezwe ndani ya masaa 72.

Geuza pakiti uangalie nyuma. Mara nyingi utakuta imeandikwa 0.03 mg na 0.15 mg. Hizo ni mikrogramu 30 na mikrogramu 150, kwa sababu miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Kisha hesabu:

- Vidonge vya mikrogramu 30 na 150: vinne sasa, vinne baada ya masaa 12.
- Vidonge vya mikrogramu 50 na 250: viwili sasa, viwili baada ya masaa 12.
- Vidonge vya mikrogramu 20 na 100: vitano sasa, vitano baada ya masaa 12.
- Vidonge vya mikrogramu 30 na norjestreli mikrogramu 300: vinne sasa, vinne baada ya masaa 12. Norjestreli ni nusu tu ya nguvu ya levonojestreli, ndiyo maana namba yake ni kubwa.

Sasa itazame pakiti yenyewe. Yenye vidonge 28 huwa na 21 vya rangi moja na 7 vya rangi nyingine, mara nyingi kahawia. Hivyo 7 havina homoni hata chembe. Ni vya madini ya chuma, au vya kujaza siku tu ili usipoteze mazoea. Mtu anayekata vidonge kutoka safu ya mwisho bila kuangalia rangi amemeza chuma, amelala akiwa na imani, na hana kinga yoyote.

Pakiti yenye rangi tatu za vidonge vyenye homoni iache. Kila rangi ina kiasi chake, na hesabu hizi hazitakubali. Vivyo hivyo pakiti isiyo na levonojestreli wala norjestreli, kwa mfano yenye desojestreli au drospirenoni. Hizo hazina dozi ya dharura iliyothibitishwa kwa njia hii.

Mwanamke aliyewahi kupata kiharusi, damu kuganda kwenye mishipa, au mwenye kipandauso kikali, atangulize levonojestreli peke yake kuliko njia hii, kwa sababu ya estrojeni iliyomo.

### E. Vidonge vya kila siku vyenye homoni moja

Hivi ni vidonge vidogo wanavyopewa wanaonyonyesha. Kimoja kikiwa na mikrogramu 30 za levonojestreli, unahitaji vidonge 50 kwa pamoja ili kufika miligramu 1.5. Vikiwa vya mikrogramu 37.5 unahitaji 40. Vikiwa vya norjestreli mikrogramu 75 unahitaji 40 pia.

Najua idadi hiyo inashtua. Lakini jumla ya homoni ni ile ile iliyomo ndani ya kidonge kimoja cha dharura, imegawanywa vipande vidogo tu. Vitoe vyote kwenye pakiti kwanza, viweke kwenye kisahani safi, vihesabu mara mbili, ndipo uanze kumeza vichache vichache ndani ya dakika chache.

### Na kitanzi cha shaba

Hakina homoni, lakini mwongozo wa dozi usiokitaja ungekuwa na pengo. Kikiwekwa na mhudumu ndani ya siku 5 za tendo, chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 hupata mimba. Hakijali uzito wako wala dawa unazotumia, na kitakulinda kwa miaka 10. Kwa mwenye rifampisini, efavirenzi au dawa za kifafa, hiki ndicho chaguo la kwanza. Kama miadi ni kesho kutwa, meza kidonge leo na uende miadi yako.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kusema kwa sauti jina la homoni, jumla ya miligramu, na kama ni mkupuo mmoja au miwili.

## Hatua ya 4: Meza

Kunywa na maji. Chakula hakiathiri dawa, lakini tumbo lenye kitu kidogo huvumilia zaidi. Kwa njia ya homoni mbili, meza dawa ya kuzuia kichefuchefu kama meklizini saa moja kabla ya kila dozi. Kwenye jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa 1998, nusu ya waliotumia njia hiyo walichefukwa na karibu mmoja kati ya watano alitapika. Kwa levonojestreli, waliochefukwa hawakufika robo, na waliotapika walikuwa takriban 6 kati ya 100.

Kama dozi ni mbili, weka kengele ya simu sasa hivi, kabla hujaweka glasi chini. Ukiweza, sogeza dozi ya kwanza kidogo ili ya pili isiangukie usingizini: ukimeza saa 2 usiku, ya pili ni saa 2 asubuhi. Lakini usicheleweshe dozi ya kwanza kwa zaidi ya saa moja au mbili kwa sababu hiyo.

Andika saa uliyomeza.

## Hatua ya 5: Masaa matatu ya kwanza

Ukitapika ndani ya masaa 2 baada ya levonojestreli au vidonge vya homoni mbili, au ndani ya masaa 3 baada ya ulipristali, rudia dozi ile ile mapema uwezavyo. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Uingereza hutumia masaa 3 kwa zote, na mimi ningekushauri ushike hilo: ni rahisi kukumbuka, na dozi ya ziada ya levonojestreli haina madhara makubwa. Kurudia kunahusu dozi uliyoitapika tu, huanzi upya.

Kuchefukwa bila kutapika hakupunguzi dawa. Ukitapika baada ya masaa 3, dawa imeshaingia mwilini.

Ukirudia na kutapika tena, nenda kituo cha afya ukaulizie kitanzi. Kwa levonojestreli na vidonge vya homoni, wahudumu wengine humweka mgonjwa kidonge kile kile ukeni, lakini usijaribu hilo mwenyewe nyumbani.

Umefanikiwa ikiwa: masaa 3 yamepita na dawa imebaki tumboni.

## Hatua ya 6: Siku zinazofuata

Dawa imelichelewesha yai, haijalifuta. Linaweza kutoka siku chache baadaye, na tendo la siku hiyo likawa la hatari kuliko lile la kwanza. Nimeona jambo hili likiwaumiza watu waliofanya mengine yote vizuri: wanameza, wanashusha pumzi, na wiki hiyo hiyo wanarudia bila kinga wakidhani kidonge bado kinawalinda. Hakilindi mbele. Tumia kondomu hadi hedhi ifike.

Ukitaka kuanza njia ya kudumu kidogo, iwe vidonge, sindano au kipandikizi, tarehe inategemea ulichomeza:

- Baada ya levonojestreli au njia ya homoni mbili: anza siku hiyo hiyo au kesho yake, na tumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo.
- Baada ya ulipristali: subiri. Anza siku ya 6, kisha kondomu kwa siku 7 zaidi. Ukianza mapema, homoni mpya itaivunja kazi ya ulipristali na yai litatoka.

Katika siku hizi unaweza kuumwa kichwa, kuchoka, kuhisi kizunguzungu, matiti kuuma, tumbo kuvuta. Huisha ndani ya siku chache. Matone ya damu pia ni ya kawaida na hayathibitishi chochote. Si dalili kwamba dawa imefanya kazi, na kutoyaona si dalili kwamba imeshindwa.

## Hatua ya 7: Hakikisha

Hedhi huja ndani ya wiki moja kabla au baada ya siku uliyoitarajia. Ya baada ya ulipristali huchelewa zaidi kidogo, ya baada ya levonojestreli huweza kuwahi.

Pima mimba kama lolote kati ya haya limetokea: hedhi imechelewa zaidi ya siku 7, au imekuja nyepesi isivyo kawaida yako, au imekuja na maumivu usiyoyazoea. Na kama umeanza njia ya homoni mara baada ya dharura, pima hata kama umeona damu, kwa sababu damu hiyo inaweza kuwa ya njia mpya.

Siku sahihi ya kupima ni siku 21 baada ya tendo la mwisho lisilo na kinga. Ukipima siku ya 6 ukaona mstari mmoja, hujajua lolote bado. Tumia mkojo wa asubuhi na usome matokeo ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti.

Umefanikiwa ikiwa: hedhi imekuja kama kawaida yako, au kipimo cha siku ya 21 kimeonyesha hakuna mimba.

Nenda hospitali mara moja kama katika wiki 3 hadi 5 zinazofuata unapata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, au unazimia, au unatoka damu nyingi. Dawa haisababishi mimba kutunga nje ya mji wa uzazi, lakini mimba yoyote inayotokea inaweza kuwa ya aina hiyo, na hiyo haisubiri kesho.

## Ukiihitaji tena kabla hedhi haijaja

Inaruhusiwa. Haiharibu kizazi, na uwezo wa kushika mimba haupungui, hata kama umeitumia mara nyingi. Kinachosumbua ni mzunguko kuvurugika, na ukweli kwamba kutegemea dharura kila mwezi kunakuacha wazi kuliko njia yoyote ya kila siku.

Dozi ya marudio inategemea ile uliyomeza mwanzo. Kama ulimeza levonojestreli ndani ya siku 7 zilizopita, meza levonojestreli tena, miligramu 1.5. Kama ulimeza ulipristali, na tendo jipya limetokea kabla siku 5 hazijatimia, meza ulipristali tena, miligramu 30, na usivuke kwenda levonojestreli. Kisha rudi Hatua ya 1, uandike saa mpya, na siku 21 zianze kuhesabiwa upya kuanzia tendo hili la mwisho.